Kisu Kisichotoboa

Tangu Jumatatu, Inspekta Kanyiva hakuwa ametia nyama kinywani. Alipiga mswaki mara nne kwa siku, na bado kila akikohoa alihisi Jumapili inampanda kooni. Jumapili hiyo kanisa lao la Nuu lilikuwa na shukrani ya bati jipya, na yeye, kama washirika wote, alikula mchuzi uliopikwa na akina mama kwenye yale masufuria makubwa. Alikula, akawasifu wapishi, akaongeza sahani. Kesho yake asubuhi wachunga mbuzi wakakuta vichwa saba vya punda kwenye mto mkavu, pamoja na kwato na matumbo. Nyama haikuwapo, ngozi hazikuwapo, na hapakuhitajika polisi kujua nyama ilikuwa imekwenda wapi.

Mama Mbithe, aliyekuwa mkuu wa jikoni siku hiyo, aliandikisha taarifa akilia: nyama aliinunua kwa Mulei mwenye bucha. Kwato mbili zikapatikana nyuma ya bucha ya Mulei. Kufikia adhuhuri bucha ilikuwa majivu, mke wa Mulei amekimbilia kwa wazazi wake, na Mulei mwenyewe yuko seli ya Mwingi na jicho limevimba kama yai. Hakimu aliwapa polisi hadi Jumatatu inayofuata kumfungulia mashtaka. Mulei alisema neno moja tu tangu akamatwe: kwamba Jumapili hiyo hakuliuzia kanisa hata robo kilo. Hakuna aliyemsikiliza, maana mwenye tumbo lililochafuka hana masikio.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na Kanyiva alikuwa Emali, nyuma ya gereji ya malori, amesimama mbele ya kibanda cha mabati kilichojaa moshi. Kando yake alikuwa Koplo Thuo, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye kupenda kesi iishe kabla ya chakula cha mchana. Mkononi Kanyiva alishika mfuko wa plastiki wa ushahidi. Ndani yake kulikuwa na kisu kilichofukuliwa mchangani, chini ya kichwa kimoja cha punda.

Siku tatu walikuwa wakikizungusha kwa mafundi wa vyuma, kuanzia Mwingi mjini hadi Malili. Kila fundi alikigeuza, akaona nukta tatu zilizogongwa karibu na mpini, akatikisa kichwa. Wa Malili ndiye aliyewaambia waende Emali wakamwulizie Musembi.

Musembi alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na nyusi zake zilikuwa zimeungua nusu. Alipokiona kisu alicheka kwa furaha.

"Hiyo ni yangu! Mumeitoa wapi? Hiyo kisu ilinisumbua wiki tatu."

"Una uhakika ni yako?" Kanyiva aliuliza.

"Madam, mtu anaweza kusahau mtoto wake? Hizo nukta ni zangu. Na chuma ni springi ya lori, ya nyuma. Hakuna mwingine hapa anaweza kuipinda hivyo bila kuivunja."

Kanyiva alikiweka kisu juu ya fuawe, ndani ya mfuko wake. Kilichomkera zaidi ni kwamba kisu kilikuwa kizuri. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, lakini tumbo la makali lilivimba na kuzunguka kama nusu ya sahani, na urefu wake haukuzidi kiganja. Ncha haikuwa na ncha. Mahali ambapo kisu cha kawaida huchongoka, hiki kilikuwa na nundu ndogo ya chuma, laini, sawa na punje ya hindi.

"Hii nundu ni ya nini?"

"Ndio kazi yenyewe!" Musembi alipangusa mikono kwa aproni. Huyu hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili kuhusu kazi yake. "Ya kwanza niliifanya na ncha. Ikarudishwa. Meseji ikasema, inatoboa ngozi. Nikaifanya butu, ikarudishwa tena. Sasa inakwama, haitelezi kati ya ngozi na nyama. Nikakaa nikafikiria. Nikanunua ngozi ya mbuzi, nikajaribu mwenyewe hapa. Ndio nikaona: weka nundu mbele. Nundu inatangulia, inasukuma ngozi juu, makali yanafuata nyuma polepole. Hata ukifunga macho huwezi kutoboa. Ngozi inatoka nzima kama shati."

"Kama shati," Thuo alirudia, akatema mate kando.

"Uliambiwa ni ya kuchuna nini?" Kanyiva aliuliza.

"Mbuzi. Si ndio?" Musembi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Si ni mbuzi?"

"Ni punda, fundi. Saba. Na nyama yao imeliwa na watu kanisani."

Musembi alikitazama kisu chake. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kufuta viganja vyake kwenye aproni tena, mara nyingi, ingawa havikuwa na kitu. "Ing'oi," alisema kwa Kikamba, jina la mnyama huyo, na uso ukamkunjamana. "Mimi nilikaa hapa nikiipiga msasa siku nzima. Nikaionyesha watu. Nikasema, tazameni kazi. Aiyaa! Na ilikuwa ya kuchuna ing'oi!"

"Nani aliiagiza?"

"Mulei. Mulei wa bucha, Nuu."

Thuo alimgeukia mkubwa wake na mikono wazi, kama mtu aliyeletewa bili iliyokwisha kulipwa. "Madam, si nilisema? Tuandike taarifa, twende zetu."

"Ulimwona huyo Mulei kwa macho?" Kanyiva aliuliza, bila kumjibu Thuo.

"Hapana. Ilikuwa meseji tu. Parseli zinakuja na gari, zinarudi na gari. Mimi sikuona mtu na sikusikia sauti. Hiyo namba sasa imezimwa, nilijaribu wiki jana kuuliza kama kisu kiko sawa."

"Kwa hivyo mtu yeyote mwenye simu angeweza kujiita Mulei."

"Hata mimi ningejiita Mulei," fundi alikubali.

Kanyiva alikaa juu ya ringi ya gurudumu. Jambo moja lilikuwa likimwasha tangu fundi ataje ngozi. Mwenye bucha anataka nyama. Ngozi ikitoboka mara kumi, kwake ni mamoja, kwa sababu anaitupia mbwa au kumpa yeyote anayepita. Mtu anayehangaika wiki tatu ili ngozi itoke bila tundu hata moja ni mtu wa ngozi. Kwake nyama ndiyo takataka, na takataka hiyo alikuwa ametafuta pa kuitupa, akapata masufuria ya kanisa.

"Fundi, mpini ulikata kwa kipimo cha nani, kama hukumwona mwenyewe?"

"Ah!" Musembi aliinua kidole. Hata katika aibu yake, fundi hakuweza kuacha kujisifu. "Mimi sitoi kisu bila kipimo cha mkono. Mpini ni kama kiatu. Mtu akiwa mbali, namwambia hivi: chukua kipande cha mche wa sabuni, kiloweshe kidogo, kifinye kama vile unachuna, unitumie."

Alitoa mkebe wa mafuta ya kupikia chini ya meza, akapekua. Sabuni zilikuwa kama ishirini, kila moja imefungwa kwa gazeti. Aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ya rangi ya buluu. Kanyiva aliipokea kwa karatasi, akaigeuza kwenye mwanga.

Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimejichora pale, vyembamba, na mahali pa kidole gumba palikuwa upande wa pili. Kidole cha kwanza kilikuwa kimezama kuliko vingine vyote.

"Thuo. Mulei ana vidole vingapi mkono wa kulia?"

Thuo alifikiri. Ndiye aliyemchukua Mulei alama za vidole, na aliikumbuka shida aliyoipata. "Vinne na gumba... hapana. Vitatu na gumba. Kidole cha kwanza alikiacha kwa gogo la bucha, kitambo."

"Basi huyu hapa ni nani?"

Thuo aliitazama sabuni kwa muda. "Anaweza kuwa na mwenzake," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na umbo la kisu?" Kanyiva alimgeukia fundi. "Aliliandika kwenye meseji?"

"Umbo huwezi kuandika, madam. Unaleta kielelezo." Musembi alionyesha ukuta kwa kidevu. Kwenye msumari mrefu kulikuwa kumetungwa vipande vya kadibodi, mbao na bati, vyote vyenye maumbo ya visu. "Kila kisu nilichowahi kufanya, baba yake yuko hapo."

Alishusha kimoja cha manjano. Kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye mtungi wa plastiki wa maji, ule wa lita ishirini unaobebwa na punda. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, tumbo limeviringwa kwa mkasi kwa uangalifu mkubwa. Na pale kwenye mgongo, ukingoni kabisa, palikuwa na kovu jeusi la kuchomwa kwa chuma cha moto: mkia wa mshale na nukta mbili. Kichwa cha mshale hakikuwapo. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya alama.

Kanyiva alikuwa mzaliwa wa Nuu. Kwao mtu haandiki jina kwenye mtungi. Anauchoma alama ya ukoo, ileile ambayo babu zao walichonga kwenye mizinga ya nyuki, halafu kila nyumba inaongeza nukta zake ili mitungi isichanganyike kwenye foleni ya maji. Mtu aliyezaliwa kati ya alama hizo haziwazi tena, kama vile mtu hawazi pua yake. Huyu alikuwa ameficha jina, sauti na uso, halafu akatuma alama ya nyumba yake kwa parseli.

"Ni ukoo gani?" Thuo aliuliza, alipoelezwa.

"Ukoo wa Mulei," Kanyiva alisema.

"Si ndio hiyo, madam!"

"Una nyumba arobaini huo ukoo. Na nyumba ya Mulei ina nukta moja. Nimeteka maji nyuma ya mitungi ya mama yake tangu niko msichana."

Musembi alikuwa amesimama mlangoni akitazama barabara ya Loitokitok. "Madam," alisema bila kugeuka, "mkimaliza na hiyo kisu, msiirudishe hapa."

Jumamosi asubuhi walikuwa Nuu, kwenye kioski ya maji. Foleni ya mitungi ya manjano ilikuwa imejipinda hadi barabarani. Wiki iliyopita kila mtungi ungekuwa umeletwa na punda. Sasa wanawake sita walikuwa wakibeba migongoni, kamba zimewakaba vipaji vya nyuso, na hakuna aliyeimba wala kutaniana. Mwanamke mmoja alipomwona Kanyiva alisema kwa sauti ya kusikika, "Bado hamjamfunga yule mla punda?" Wengine wakaguna.

Aliyeshika mpira wa maji na ufunguo wa kioski alikuwa Mama Mbithe mwenyewe, mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, leso safi, sauti ya asali. Alikuwa amemfundisha Kanyiva shule ya Jumapili. Punda wake alikuwa miongoni mwa wale saba, naye ndiye aliyeripoti wa kwanza, mwezi mmoja kabla ya vichwa kuonekana.

"Mwanangu, umekonda," alisema. "Huli?"

"Chakula kinanikataa, mwaitu," Kanyiva alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Sisi wote. Yule mtu ametunajisi. Lakini Mungu yuko."

Kanyiva alitembea kando ya foleni, akisoma alama. Upinde. Kijiti kilichokatwa. Mshale na nukta moja, mtungi wa dada yake Mulei, ambao hakuna mtu alitaka kusimama karibu nao. Mshale na nukta tatu. Kisha, mlangoni mwa kioski, ndani ya kivuli, akaona mitungi miwili imesimama imejaa. Mshale na nukta mbili.

Alitamani iwe ya mtu mwingine yeyote.

"Hii ni ya nani, mwaitu?"

"Yangu. Hiyo ndiyo imebaki."

Kanyiva alitoa kipande cha manjano mfukoni. Mbithe alikitazama, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Alifunga mpira wa maji taratibu, akapangusa mikono kwa leso.

"Hiyo imetoka kwa mtungi wangu," alisema, kabla ya kuulizwa. "Si punda wangu aliibiwa na mitungi yake minne mgongoni? Niliandikisha. Angalia kwa kitabu chenu. Yule mwizi aliiba punda, akakata mtungi wangu akafanya uchafu wake. Ona sasa! Hata mtungi!"

Thuo alimnong'oneza Kanyiva, "Iko kwa ripoti, madam. Punda mmoja na mitungi minne. Nimeisoma."

Ilikuwa kweli. Jibu lilikuwa limenyooka, na limekaa tayari kama chai kwenye chupa. Hilo ndilo lililomfanya Kanyiva asilipende. Mtu aliyeonewa huuliza kwanza, "Umekipata wapi?" Huyu hakuuliza.

"Pole, mwaitu," alisema. "Naomba twende kwako kidogo, nione ulipokuwa ukimfunga huyo punda. Hakuna mtu aliyepaona tangu uripoti."

"Na foleni?"

"Koplo wangu angeshika mpira, lakini namhitaji. Mpe dada yake Mulei ufunguo."

Mguno ulipita kwenye foleni. Mbithe alisita, akamkabidhi yule mwanamke ufunguo kwa ncha za vidole.

Nyumba haikuwa mbali. Nyuma yake kulikuwa na uwanja uliofagiliwa, na kwenye ardhi ngumu bado vilionekana vigingi vya mti vilivyopangwa kwa mistari. Kanyiva alivikumbuka mara moja. Marehemu mume wa Mbithe alikuwa mnunuzi wa ngozi za mbuzi. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakipita hapa wameziba pua, na Mbithe akiwa amepiga magoti, kisu mkononi, akisafisha ngozi zilizowambwa juani. Alikuwa hodari kuliko mumewe. Vigingi vile vilipaswa kuwa vimeoza miaka kumi iliyopita. Vingi vilikuwa vipya, na vimepangwa mbali mbali, kwa kipimo kikubwa kuliko cha mbuzi.

"Punda alikuwa anafungwa hapo," Mbithe alionyesha mti wa mkungugu.

Kanyiva hakutazama mti. Alikuwa akitazama kuku. Kuku sita walikuwa wakidonoa mahindi yaliyovunjwa kutoka kwenye hori la manjano. Hori lenyewe lilikuwa mtungi uliolazwa chali, tumbo lake limekatwa wazi.

Huku kwao hakuna anayetupa mtungi. Ukivuja unazibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Ukishindwa kuzibwa unakuwa hori, kata, au chungu cha miche ya sukuma. Mbithe alikuwa ametupa vichwa saba vya punda mtoni bila kupepesa jicho, lakini mtungi uliokatwa kipande ulimshinda kuutupa.

Kanyiva aliwafukuza kuku, akachuchumaa. Ukingoni mwa mkato, katikati ya kinyesi na pumba, palikuwa na kichwa cha mshale. Aliuweka mgongo wa kielelezo pale. Mkia ukakutana na kichwa. Mshale ukawa mzima.

"Mtungi ulioibiwa na punda," Thuo alisema polepole, "umerudi nyumbani kulisha kuku?"

Kanyiva alifungua karatasi, akamnyooshea kipande cha sabuni ya buluu. "Shika, mwaitu. Kama si wewe, haitakutosha."

Alidhani atakataa. Lakini mkono wa fundi una kumbukumbu yake, na Mbithe alikuwa fundi. Aliipokea sabuni na vidole vikaingia mahali pake bila kutafuta, kidole cha kwanza mbele, kimezama, tayari kuchuna. Aliviangalia vidole vyake vikiwa pale kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Kwa nini Mulei?" Kanyiva aliuliza.

"Ana bucha. Watu wangemwamini nani mwingine?" Sauti ya asali ilikuwa imeisha. "Wenye kununua ngozi za punda wanalipa vizuri, ila hawataki nyama. Ningeizika wapi, nyama ya punda saba? Mbwa wangefukua. Na kanisa lilikuwa linataka kulisha watu mia tatu. Usinitazame hivyo, Kanyiva. Nilikupakulia mwenyewe. Ulirudi na sahani."

Kanyiva aligeuka, akaenda nyuma ya mkungugu, akatapika. Hakukuwa na kitu tumboni ila chai. Alijifuta kwa mkono, akarudi, akamtia mwalimu wake pingu. Mikono ile myembamba iliyowahi kumshika kichwani na kumwombea ilimtia kinyaa hadi akavuta mikono ya shati lake asiiguse. Mbithe akawataja vijana wawili waliokamata na kuchinja. Kuchuna, alisema, hakumwachia mtu.

Thuo alipompeleka garini, Kanyiva alipiga simu Mwingi. Alimwambia mkuu wa kituo afungue seli, kisha akaomba apewe Mulei.

"Tumempata mwenyewe," alimwambia. "Wewe nenda nyumbani."

Kanyiva alimsikia akipenga kamasi.

"Madam," Mulei alisema hatimaye, "mke wangu nitamrudisha. Banda nitalijenga. Lakini sasa ni nani atanunua nyama kwangu? Hata wakijua si mimi, wakiniona na kisu watakumbuka."

Alisema kweli, na Kanyiva alijua. Kutoka pale alipokuwa amesimama aliwaona wanawake barabarani, wameacha foleni, wamekuja kutazama nani anaingizwa garini, na mmoja alikuwa tayari ameziba mdomo kwa leso. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameonja nyama wiki nzima. Wala yeye.

"Ukifungua," alimwambia, "kilo ya kwanza ni yangu. Nitaila hapo mbele ya bucha, watu wakiona."

Alipokuwa akisema, ladha ya Jumapili ikampanda tena kooni. Aliimeza, akamwuliza Mulei atafungua siku gani.